Maswali Yenu: Kulizunguka Ziwa Victoria na watoto kwa gari

Likizo ikikaribia, barua nyingi zinazotufikia huuliza jambo moja: gari tunalo, watoto wako nyumbani, je, tunaweza kulizunguka Ziwa Victoria lote, Tanzania, Kenya na Uganda, tukarudi tulikoanzia? Mnaweza. Tumechagua barua zinazogusa mambo yanayowakwamisha watu wengi zaidi.

Tuko Shinyanga, mimi, mke wangu na watoto wanne. Tuna wiki mbili za likizo ya Juni. Mzunguko mzima ni kilomita ngapi, na ni vizuri kuanzia upande gani?
*Baba wa wanne, Shinyanga*

Kutoka Mwanza kurudi Mwanza ni kati ya kilomita 1,500 na 1,600, kutegemea unachepukia wapi. Njia kuu yote ina lami. Kwa dereva mmoja mwenye watoto, tenga siku 11. Wanaojaribu kuimaliza kwa siku tano huishia kuwaonyesha watoto lami na vituo vya mafuta tu.

Anzia Mwanza kuelekea Musoma, halafu Kisumu, Jinja, Masaka, Bukoba, Geita na kurudi. Sababu ni ya kawaida kabisa. Nchi zote tatu tunaendesha kushoto, na ukienda kwa mwelekeo huo ziwa linakuwa kushoto kwako muda wote. Mtoto akiona maji akataka kusimama, unaegesha pembeni bila kukata barabara mbele ya lori linalokuja. Ila usiwaahidi watoto kwamba wataliona ziwa safari nzima. Barabara huenda mbali na maji kwa masaa. Utaliona vizuri karibu na Mwanza na Lamadi, kati ya Homa Bay na Kendu Bay, Kisumu, Jinja, Bukoba, na mwishoni kabisa pale Kigongo–Busisi.

Siku ya kwanza ni Mwanza–Musoma, kilomita 220 hivi. Bujora, makumbusho ya Wasukuma, iko Kisesa na hata hamtakuwa mmechoka mkifika. Siku ya pili mnavuka mpaka wa Sirari na kulala Homa Bay. Butiama, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, ni kuchepuka kidogo tu kutoka barabara kuu. Siku ya tatu fikeni Kisumu kwa kupitia Kendu Bay badala ya Kisii. Njia hii ni tulivu zaidi, na kando yake kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la kreta ambalo mara nyingi huwa na heroe. Siku ya nne pumzikeni. Ya tano, kupitia mpaka wa Busia hadi Jinja. Ya sita ni ya Jinja yenyewe, mahali maji ya ziwa yanapoanza kuitwa Nile. Ya saba, Jinja hadi Masaka: msiingie katikati ya Kampala, shikeni barabara ya mchepuko ya kaskazini kutoka Bweyogerere hadi Busega. Kabla ya hapo, kwenye msitu wa Mabira, kuna wauza kuku wa kuchoma na gonja (ndizi za kuchoma) pale Najjembe. Baada ya Kampala, Kayabwe, ndipo kuna alama ya ikweta ambayo watoto hupenda kusimama mguu mmoja kaskazini, mmoja kusini. Ya nane, kupitia mpaka wa Mutukula hadi Bukoba. Ya tisa, pumziko. Ya kumi, Bukoba hadi Geita kupitia Muleba na Chato, ambayo ndiyo siku ndefu kuliko zote. Ya kumi na moja mnaingia Mwanza.

Kanuni tunayoisisitiza: mpaka mmoja kwa siku, na usiuweke kwenye siku ndefu. Mpaka unaweza kuchukua dakika 40, unaweza kuchukua masaa manne, na hutajua mpaka ufike.

Kama uliwahi kwenda Geita zamani ukakaa kwenye foleni ya pantoni, hilo limekwisha. Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025. Mnavuka kwa dakika chache.

Gari ni la kaka yangu, kadi ina jina lake. Nitavuka nalo bila matatizo? Na ni karatasi zipi hasa zinatakiwa?
*Msomaji, Mwanza*

Utavuka, lakini si kwa maneno. Kaka akuandikie barua inayotaja jina lako, namba ya pasi yako, namba ya gari na ya chesisi, nchi utakazopita na tarehe za kwenda na kurudi. Ipelekwe kwa wakili agonge muhuri, iambatane na nakala ya kitambulisho chake. Kama gari lina mkopo na kadi iko benki, barua inayotakiwa ni ya benki, na hiyo iombe mapema. Beba kadi halisi ya gari. Nakala tupu ndiyo inayowarudisha watu.

Bima ndiyo inayochanganya zaidi. Bima yako ya ndani haifanyi kazi ng'ambo ya mpaka. Unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), ambayo unakatiwa na kampuni ya bima yako kabla ya kuondoka. Tanzania imo kwenye mpango huo ingawa si mwanachama wa COMESA. Hakikisha Kenya na Uganda zote zimetajwa, na tarehe zinavuka siku ya kurudi kwa siku tatu au nne. Inalipia madhara utakayowasababishia wengine. Gari lako likiharibika, kadi hiyo haikusaidii, kwa hiyo mwenye bima kubwa aulize kama inaweza kuongezewa nchi hizo.

Sasa angalia: cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho watu hukiita kadi ya njano. Ofisa akisema “kadi ya njano” kwenye dirisha la afya anataka chanjo. Akisema hivyo barabarani anataka bima. Ziweke kwenye bahasha mbili tofauti, andika juu yake. Chanjo hupewa kuanzia umri wa miezi tisa, cheti huanza kutambulika siku ya 10 baada ya sindano, na tangu 2016 kinadumu maisha yote. Cha zamani kilichoandikwa miaka 10 hakihitaji kurudiwa.

Sirari/Isebania, Busia na Mutukula ni vituo vya huduma za pamoja. Maana yake unapotoka Tanzania kwenda Kenya husimami upande wa Tanzania. Unapitiliza hadi jengo la Kenya, na humo humo unakuta uhamiaji wa Tanzania wa kukugongea kutoka na wa Kenya wa kukugongea kuingia. Busia ukienda Uganda, jengo ni la upande wa Uganda. Mutukula ukirudi Tanzania, ni la Tanzania. Vishoka huishi kwa kutojua kwa watu jambo hili: watakusimamisha nje, wakuambie uwape pasi “waharakishe”. Usimpe mtu asiyekaa nyuma ya dirisha. Na usijipange nyuma ya malori. Foleni yake ni ya mizigo. Fuata askari, pita pembeni polepole.

Mpangilio ndani ni huu: kugonga kutoka, kugonga kuingia, afya, kisha forodha kwa ajili ya gari. Forodha hukupa kibali cha kuingiza gari kwa muda. Hapo ndipo penye kosa linaloumiza baadaye. Watu wakishagongewa pasi hushangilia wakaondoka, wakaliacha gari halijaandikwa, au hutoka nchi ile bila kukifunga kibali. Kwenye kumbukumbu gari linabaki nchini humo, na mara nyingine likipita linadaiwa. Kabla ya kuwasha gari mpakani jiulize mambo mawili: nimekifunga cha nchi ninayotoka? Nimepata cha nchi ninayoingia, na siku zilizoandikwa zinatosha? Piga picha kila karatasi.

Leseni yako ya udereva ibebe ile kadi yenyewe. Pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto ambao muda wake wa ukaguzi haujapita, na kisanduku cha huduma ya kwanza viwe mahali pa kufikiwa bila kushusha mizigo.

Nitasafiri na wanangu wawili na mtoto wa marehemu dada yangu. Baba wa wanangu yuko kazini, haji. Je, vyeti vya kuzaliwa vinatosha?
*Mama mlezi, Tabora*

Havitoshi, mama. Mtoto, hata mchanga, anatakiwa awe na hati yake ya kusafiria. Wakenya na Waganda hupita kati ya nchi zao kwa vitambulisho vya taifa, na ndiyo maana wengi hudhani Mtanzania naye anaweza. Mtanzania anahitaji pasi, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Kwa mzunguko huu wa kutoka na kurudi, pasi inakupa amani zaidi.

Kwa wanao wawili, beba vyeti vya kuzaliwa na barua ya baba yao ya kukubali, yenye muhuri wa wakili na nakala ya kitambulisho chake. Kwa mtoto wa dada, beba cheti chake cha kuzaliwa, vyeti vya vifo vya wazazi kama wote wametangulia, na karatasi ya mahakama au ustawi wa jamii inayoonyesha wewe ndiye mlezi. Kama baba yake yupo, ridhaa yake nayo inatakiwa. Maofisa wanaouliza maswali haya wanalinda watoto dhidi ya usafirishaji haramu. Waandae watoto wajue majina kamili ya mzazi na wanakokwenda, kwa sababu ofisa mzuri humuuliza mtoto mwenyewe.

Tuna Toyota Noah. Tutakuwa wanane pamoja na mizigo. Itahimili?
*Msomaji, Musoma*

Itahimili ikiandaliwa. Adui wa gari lililojaa ni joto la tairi. Tairi lenye upepo mdogo huku limebeba mzigo hubonyea ubavuni kila linapozunguka. Kule kubonyea kunazalisha joto, na joto ndilo linalotenganisha nyuzi za ndani hadi lipasuke ukiwa kwenye kasi. Kipimo sahihi kiko kwenye stika iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, mara nyingi kikiwa na kiwango cha gari tupu na cha gari lililojaa. Jaza cha kujaa, asubuhi, tairi likiwa la baridi. Ukipima mchana umetoka kukimbia, namba itakuwa imepanda na utapunguza upepo bila sababu.

Angalia pia umri. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, kuna namba nne za mwisho: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likizidi miaka sita, au lina nyufa ndogondogo kama udongo uliokauka, lisiende safari hii hata kama kashata bado ni ndefu. Spea nayo ikaguliwe vivyo hivyo. Ndiyo inayosahaulika kwa kuwa haionekani.

Mizigo mizito iwe chini, karibu na katikati ya gari. Keria ibebe vyepesi tu: magodoro, nguo, neti. Mzigo mzito juu hulifanya gari liyumbe kwenye kona, na mzigo mzito nyuma kabisa hushusha mkia, taa zinaelekea angani na tumbo la gari linakwangua matuta. Na matuta ni mengi, mengine hayana alama wala rangi. Fundi aangalie shokapu za nyuma, pedi za breki, mkanda wa feni, na kulanti kwenye rejeta. Maji ya bomba peke yake huleta kutu ndani na huchemka mapema.

Kuhusu mafuta, hesabu kilomita 2,000 pamoja na mizunguko ya mijini. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakula lita 200. Siku ya kutoka Bukoba jaza tangi tena Muleba.

Na wanane ni wanane wa viti, kila mmoja na mkanda wake. Mtoto wa kupakatwa hashikiki gari linapofunga breki ghafla, hata na mama mwenye nguvu.

Watoto wanataka kuogelea ziwani. Wengine wanasema kuna kichocho, wengine wanasema ufukwe wa mchanga hauna shida. Ukweli ni upi?
*Mama wa mapacha, Nairobi*

Ukweli ni kwamba Ziwa Victoria lina kichocho pande zote tatu, na hakuna ufukwe tunaoweza kukuambia kwa moyo mweupe kwamba uko salama. Swali hili tunalijibu kwa urefu kwa sababu madhara yake hujitokeza safari ikiwa imeshasahaulika.

Vimelea huishi ndani ya konokono wadogo wanaopenda maji yaliyotulia yenye majani. Mwanga wa jua ukipanda, konokono huwaachia majini, wengi zaidi kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri, yaani saa zile zile ambazo watoto huoga. Vimelea hutoboa ngozi kwa dakika chache. Mtoto hahitaji kunywa maji wala kuwa na kidonda; kusimama hadi magotini kunatosha. Kujifuta taulo haraka hakutegemeki. Ufukwe wa mchanga wenye mawimbi, kama ule wa Bukoba, una hatari ndogo kuliko ghuba yenye matete, lakini hatari ndogo bado ipo. Ongeza mamba na viboko, ambao watu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanajua wako wapi. Waulizeni kabla hata ya kusogea kupiga picha.

Kwa hiyo panga hoteli yenye bwawa la kuogelea kwa siku za pumziko, Kisumu na Jinja zina nyingi. Ziwa mlifurahie kutoka kwenye boti, kila mtoto amevaa jaketi la kuokoa maisha la saizi yake: mnyanyue kwa mabega ya jaketi, likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, badilisha. Maji ya kuoga yaliyochotwa ziwani yakikaa kwenye tangi siku mbili bila konokono, vimelea hufa. Au yachemsheni.

Na kama watoto wameshaingia? Usikimbilie dawa kesho yake. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa, michanga huiponyoka. Wapeleke wapimwe wiki sita hadi nane baada ya kugusa maji, na mhudumu wa afya atatoa dozi kwa uzito, kawaida miligramu 40 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 20 hupata miligramu 800. Akipata homa, kikohozi au vipele vya kuwasha ndani ya miezi miwili baada ya safari, mwambie daktari neno moja mapema: ziwa. Daktari wa Nairobi asipoambiwa anaweza asilifikirie.

Kwa watoto wa Nairobi malaria ni jambo zito zaidi kuliko kwa watoto wa Kisumu, kwani miili yao haijaizoea. Zungumza na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, na beba neti zenu zenye dawa, pamoja na sindano na uzi. Neti ya hoteli yenye tundu moja ni sawa na hakuna. Homa yoyote, njiani au mwezi mmoja baada ya kurudi, ipimwe siku hiyo hiyo.

Jioni mkiona wingu kama moshi juu ya maji, si moto. Ni wadudu wa ziwani wanaoibuka kwa mamilioni, hasa mwezi unapoandama. Hawaumi, lakini hufuata taa. Fungeni madirisha, zimeni taa ya nje, kula ndani.

Shangazi anakuja kutoka Uingereza, ana pasi ya Uingereza. Atatumia viza moja?
*Msomaji, Mwanza*

Hapana. Ile viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki inahusu Kenya, Uganda na Rwanda; Tanzania haimo. Kwa kuwa mnaanzia na kumalizia Mwanza, shangazi ataingia Tanzania mara mbili. Alieleze hilo ubalozini kabla ya kuomba, asije akazuiwa Mutukula na ninyi mko naye. Cheti cha homa ya manjano naye anakihitaji.

Tunafunga chakula kwenye mifuko ya rambo. Ni kweli hairuhusiwi?
*Msomaji, Bunda*

Ni kweli. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Itoeni yote kabla ya Sirari, hata ile iliyozungushiwa viatu; tumieni vikapu na makopo yenye mifuniko. Kenya tangu Juni 2020 hairuhusu chupa za plastiki za kutupa ndani ya hifadhi, na hiyo ni pamoja na ile bustani ya swala pala mjini Kisumu. Kila mtoto awe na chupa yake ya kudumu.

Askari wa tochi za kupima mwendo wamezidi. Si afadhali kusafiri usiku?
*Dereva, Geita*

Usiku hapana, ndugu yetu. Malori yaliyoharibika bila taa, bodaboda bila taa, ng'ombe waliolala kwenye lami yenye joto: havionekani mpaka uwe juu yake. Ondokeni saa 12 asubuhi, muwe mmeegesha saa 11 jioni. Kuhusu tochi, alama ya 50 Tanzania inaendelea kufanya kazi mpaka uone alama ya kuifuta, hata kama nyumba zimeshaisha. Wengi hukamatwa kwenye zile mita mia tatu za mwisho. Faini ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, usimpe mtu mkononi.

Nataka kurudi na samaki. Ninunue wapi, na nitawafikishaje Shinyanga salama?
*Mama lishe, Shinyanga*

Msinunue ng'ambo mkavuka nao mpaka. Njiani kuleni: sangara wetu Kenya ni mbuta na Uganda ni mputa, sato wote wawili wanamwita ngege, dagaa ni omena kwa Wajaluo na mukene kwa Waganda. Wa kubeba nyumbani wasubiri siku ya mwisho, Mwaloni Kirumba, Mwanza, asubuhi na mapema.

Chagua sato mwenye macho yaliyotuna na maangavu, mashavu mekundu ndani, na nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Watolewe matumbo na mashavu hapo hapo, waoshwe kwa maji safi, wamwagwe maji yote tumboni. Barafu iwe kilo moja kwa kila kilo ya samaki, iliyopondwa. Anza na barafu chini ya kasha, weka samaki tumbo likitazama chini ili maji yasituame, funika na barafu, rudia, malizia na barafu. Tundu la chini la kasha liache wazi na uweke beseni chini yake, kwa sababu samaki wanaolala kwenye maji yaliyoyeyuka huharibika haraka kuliko wanaolala kwenye barafu. Kwa dagaa wakavu ni kinyume: wakae mbali na kasha hilo, kwenye gunia linalopumua, na uwapakie juu kabisa ya mizigo.